Taa ya breki imewaka: uongeze mafuta au ubadilishe yote?

Kwanza shusha handbreki hadi mwisho. Usicheke, wengi hufika gereji kwa sababu hiyo tu.

Ikibaki inawaka, fungua boneti utazame kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama ya MIN, kuongeza ndiyo njia rahisi: kichupa kimoja, dakika tano, fundi hahitajiki. Shida ni kwamba mafuta hayo hayaungui kama ya injini. Yakishuka, ama pedi zimelika au kuna mahali panavuja, na ukijaza unaizima taa iliyokuwa inakuonya. Mimi niliwahi kujaza hadi MAX. Pedi mpya zilipofungwa, mafuta yakarudi juu, yakamwagika na kubabua rangi ya bodi.

Kubadilisha yote kunagharimu zaidi: chupa za kutosha, fundi, na mtu wa kukanyaga pedali wakati wa kutoa upepo (hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya breki). Ila mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishiba maji, hata 140 zinatosha, na pedali inazama kama sponji. Anayeteremka mlima Kitonga na mzigo asibahatishe.

Gari la mjini, mafuta bado maangavu, pedi zimekaguliwa, hakuna uvujaji? Ongeza. Yamekuwa meusi au yamepita miaka miwili? Badilisha. Pedali ikizama hadi chini, usiliendeshe. Mwite fundi lilipo gari.