Bajeti ya mtaa: mkutano wa ana kwa ana au jukwaa la mtandaoni?

Halmashauri inayotaka kuwashirikisha wananchi iwaite ukumbini au iwafungulie jukwaa mtandaoni?

Mkutano una historia ndefu. Porto Alegre, Brazili, ilianza bajeti shirikishi mwaka 1989, wakazi wakikutana kupanga kipi kitangulie, mitaro ya majitaka au lami. Nguvu yake kubwa ni mabishano yenyewe: anayedai barabara humsikia asiye na maji, na pengine hulegeza msimamo. Kura ya kubofya haileti hilo kwa urahisi. Ila mkutano hula muda, na mfanyakazi wa zamu au mzazi mwenye mtoto mchanga hukosa nafasi.

Jukwaa huwafikia hao. Barcelona ilizindua jukwaa lake, Decidim, mwaka 2016, na kwa kuwa ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, halmashauri nyingine huitumia bila ada ya leseni. Gharama iko kwenye utunzaji: seva, usalama, na hasa watumishi wa kujibu mapendekezo. Kumwomba mtu maoni kisha kumnyamazia ni kumvunjia heshima, na kwangu hili ni zito kuliko bei.

Kuhusu uwakilishi, kote kuna hatari: ukumbini hutawala wenye sauti kubwa, mtandaoni wenye intaneti nzuri.

Mji mdogo wenye mtandao hafifu uanze na mikutano. Jiji lenye wakazi wengi wasio na muda lifungue jukwaa, mradi liwe na watu wa kujibu. Barcelona yenyewe iliambatanisha jukwaa na mikutano.