Mtumbwi wa kukodi mto Lahn: nyota nne, ya tano imebaki kwenye gari

Kila nikikaa Mkunguni, hapa kwetu Lamu, naulizwa lile lile: "Nahodha, kweli ulilipa pesa ukapige kafi mwenyewe?" Nililipa. Yuro 60 kwa siku, mtumbwi wa watu watatu, na kafi nilipiga tangu asubuhi hadi alasiri. Naandika hapa mara moja nipumzike, na kwa yeyote mwenye mtoto Ujerumani atakayeambiwa kama nilivyoambiwa mimi: "Baba, twende mtoni ukastarehe."

Binti yangu anasomea uuguzi Gießen. Mji huo umepitiwa na Lahn, mto wa kilomita 245 hivi unaomalizikia kwenye Rhine. Mimi nilitaka huo Rhine wenyewe, wenye meli na ngome juu ya majabali. Akaniambia Rhine nitakuwa abiria tu, nimekaa kitini na kikombe cha kahawa. Ananijua, akanishika penyewe.

Tukapanda treni, reli inaandamana na mto karibu njia nzima, tukaanzia juu kidogo ya Weilburg. Kijana wa kampuni alitupa jaketi za kuokolea maisha, makafi, na pipa la plastiki la kutia simu na nguo, mfuniko wake haupitishi tone. Mtumbwi wa plastiki, mwekundu, safi kama sahani ya harusi. Kisha akatoa maelezo kwa Kijerumani, robo saa nzima. Binti yangu akanifasiria, nami nikaitikia "naam, naam" huku natazama mkondo. Miaka thelathini na moja niko baharini, kijana huyu atanifunza nini? Mtayasikia yaliyonipata.

Jambo la kwanza, mtumbwi ule hauna usukani. Anayeuongoza ni aliyekaa nyuma, na nyuma alikaa binti yangu. Mimi niliwekwa mbele kama baharia wa juzi. "Baba, kulia! Baba, pumzika!" Mama yake alikaa katikati na kikapu cha mahamri, anacheka tu.

Mto wenyewe ni mpole. Mkondo mvivu, maji ya kijani, miti imeinama mpaka inayagusa, na bata wakubwa weupe wenye shingo ndefu ambao hawaogopi mtu. Hakuna chumvi inayokausha midomo. Upepo hauna kazi yoyote pale, na hilo lilinisumbua zaidi ya nilivyodhani. Kila mara nilikuwa nainua uso kuutafuta. Mitumbwi mingine ilijaa vijana na makreti ya bia, wanaimba, wanatupungia mikono. Hawakutuudhi.

Sasa Weilburg, na hapa ndipo pesa yangu iliporudi. Mji umekaa juu ya kilima na mto unakizunguka kama kanga kiunoni. Kwenye mzunguko ule zamani kulikuwa na mabwawa ya vinu, vyombo vinakwama. Basi mtawala wa Nassau, Duke Adolph, akaamuru kilima kitobolewe. Wakachimba tangu 1844 hadi 1847, tundu la mita 195, wakapitisha maji ndani. Unaingia na mtumbwi wako upande huu wa mlima, unatokea upande wa pili. Giza, baridi, matone yanakudondokea shingoni, na ukikohoa kikohozi kinakurudia. Mke wangu alianza kusoma Ayatul Kursiy, nami sikumcheka.

Mdomoni mwa kutokea kuna vyumba viwili vya mawe vilivyofuatana, vina milango mizito. Wao huviita Schleuse. Unaingia cha kwanza, unafunga mlango wa nyuma, unazungusha gurudumu la chuma kwa mkono wako mwenyewe, na maji yanashuka. Unaingia cha pili, vivyo hivyo. Hakuna mlinzi, hakuna wa kulipwa, ni wewe na gurudumu. Jumla unashuka mita 4 na nusu na zaidi kidogo, na mimi maji ya bamvua ya kiasi hicho sijayaona. Sisi wa Lamu tumezaliwa tukiyangojea maji. Ukitaka kwenda kisiwa cha Pate kupitia Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, utakaa mpaka yajae, ukichelewa unalala mchangani. Wale wameyafungia chumbani, wanayajaza na kuyapwesha wakitaka. Nilimwomba binti yangu aniachie gurudumu, nikalizungusha polepole, natazama alama ya unyevu ikipanda ukutani. Sijui nilikaa pale muda gani. Waliokuwa nyuma yetu walianza kupiga miluzi.

Na kosa langu ndilo hili: chumba cha kwanza nilikuwa nimefunga kamba ya mtumbwi kwenye pete ya ukutani, fundo zuri la kibaharia. Maji yakashuka, mtumbwi ukabaki unaning'inia upande mmoja, mahamri yakaelea. Kumbe kijana alisema wazi: kamba ishikwe mkononi, isifungwe. Hapo kampuni haina lawama.

Kwa mizigo njia ile haikudumu. Reli ya bonde hilo ilikamilika 1863 ikayachukua madini ya chuma yaliyokuwa yakisafiri kwa maji, na leo wanaopita ni watu wa starehe. Hilo sikuhitaji mkalimani. Baba yangu alipeleka boriti Mombasa kwa jahazi. Mimi nabeba watalii.

Lawama yangu ni ya mwisho wa siku. Tulifika Aumenau saa kumi kasoro, kama tulivyoagizwa. Gari la kuja kuchukua mtumbwi liliahidiwa saa kumi, likaja saa kumi na moja na nusu, simu haipokelewi. Stesheni iko pale pale, treni ikapita mbele ya macho yetu na sisi tumelowa, hatuwezi kuacha mali ya watu. Dereva hakuomba radhi. Jina la kampuni siliandiki, wakodishaji wamejaa ukingo mzima. Ulizeni tu habari ya gari kabla ya kulipa.

Chukueni nguo za kubadilisha, maji yale ni baridi hata mwezi wa Julai. Chukueni na chakula, maana kibanda tulichokipata kilikuwa na soseji za nguruwe na viazi vya kukaanga tu. Adhuhuri tuliswali kwenye nyasi kando ya mto, bila shida na mtu.

Wiki iliyopita nilikwama Mkanda na Wajerumani wanne, maji yamekupwa kabisa. Mzee mmoja akauliza tutangoja mpaka lini. Nikamwambia Weilburg, nikazungusha gurudumu hewani kwa mikono miwili. Akacheka hadi akavua miwani. Kisha nikawakatia embe, tukangoja.