Seti ya linkeji ya kabureta mbili kwenye Datsun 1600 SSS: uzoefu wangu wa miezi minane

Gari langu ni Datsun 1600 SSS ya mwaka 1971, niliyoachiwa na marehemu baba, yenye injini ya L16 ya cc 1595 na kabureta zake mbili za Hitachi. Datsun ya aina hii ndiyo iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1970, na hadi leo wapo wazee hapa Dar es Salaam wanaosogea kwenye taa za barabarani kuniuliza kama kabureta zote mbili bado zipo. Zipo, na ninakusudia ziendelee kuwepo, ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kuhusu seti ya linkeji niliyonunua, yaani fimbo na mikono inayounganisha eksileta na kabureta, kwa kuwa ilinipa shida kubwa kabla ya kunipa raha.

Bushi za linkeji ya zamani zilikuwa zimekwisha kabisa. Nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Ubungo, silensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga eksileta, ilikuwa ikipanda na kushuka yenyewe, na kila nilipogusa eksileta kidogo gari lilikuwa linaruka badala ya kuondoka taratibu. Mafundi watatu kwa nyakati tofauti walikimbilia kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, na kila mmoja alipoona silinda za nyuma zinavuta kinyonge, aliongeza mafuta kwenye kabureta ya nyuma, hadi plagi za silinda ya 3 na ya 4 zikawa nyeusi kama masizi ya chungu huku zile za mbele zikiwa na rangi ya kahawia safi.

Seti niliyoagiza kutoka Marekani ilinigharimu, pamoja na usafirishaji, karibu shilingi 190,000. Ndani yake kulikuwa na fimbo mbili za chuma cha pua, vikombe vinne vya gololi, mikono miwili ya kawaida na mkono mmoja wenye mwanya mrefu katikati. Jambo lililonivutia kuliko yote ni kwamba kila fimbo ina nyuzi za kulia upande mmoja na nyuzi za kushoto upande wa pili, hivyo unalegeza nati mbili, unaizungusha fimbo kwa vidole, nayo inarefuka au kufupika ikiwa palepale bila kuichomoa. Anayejua adha ya kuchomoa kikombe cha gololi kwenye injini ya moto ataelewa kwa nini nalisifu hilo kwanza.

Tatizo lilianzia kwenye ule mkono wenye mwanya. Seti hii ilibuniwa kwa ajili ya magari ya kale ya Marekani yaliyoongezewa nguvu, hasa yale yenye injini za Ford V8 za vali za pembeni zilizoanza kutoka mwaka 1932. Kwenye manifoldi (njia ya kupeleka mchanganyiko kutoka kabureta hadi silinda) ambamo kabureta zote zinalisha chumba kimoja cha pamoja, mtu anaweza kuiacha kabureta moja ifanye kazi peke yake gari linapokwenda polepole, na mwanya ule ukaichelewesha nyingine hadi eksileta ikanyagwe zaidi. Kwenye L16 mambo ni tofauti, kwa sababu kabureta ya mbele inalisha silinda ya 1 na ya 2, na ya nyuma inalisha ya 3 na ya 4. Gereji niliyoipelekea gari mara ya kwanza ilifunga mkono wenye mwanya, na nikarudi nyumbani Kigamboni kwa injini iliyokuwa ikivutwa na silinda mbili huku nyingine mbili zikisindikizwa. Karatasi ya maelekezo haikusema neno hata moja kuhusu tofauti hiyo, na hilo ni kosa la wauzaji ambalo siwezi kulifumbia macho.

Aliyeiokoa kazi hii ni fundi mmoja mtu mzima wa eneo la Gerezani hapa Dar es Salaam. Nilipomwamkia na kumweleza, aliinama, akachezesha fimbo kwa kidole kimoja, kisha akaniambia, “Mwanangu, usiguse mchanganyiko kabla linkeji haijakaa sawa.” Aliondoa mkono wenye mwanya, akafunga ile miwili ya kawaida na kuhakikisha inalala sambamba, kwa kuwa mikono isipokuwa sambamba, kabureta zitakubaliana kwenye silensa na kuachana katikati ya safari ya eksileta. Aliwasha injini ikapata moto wa kutosha, akazichomoa fimbo kabisa ili kila kabureta ijitegemee, kisha akaweka kipimo cha hewa mdomoni mwa ya mbele na baadaye ya nyuma. Ya mbele ilisoma 6 na ya nyuma 4. Akageuza skrubu za silensa kwa zamu, robo mzunguko na pungufu, hadi zote zikasoma 5. Ndipo alipozirudisha fimbo na kuzizungusha urefu mpaka vikombe vikaingia kwenye gololi bila kulazimishwa, akipima kwa kipande cha karatasi ya daftari kwamba hakuna kipepeo (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya kabureta) kilichoinuliwa na fimbo kabla ya eksileta kuguswa. Mwisho alishikilia injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika na kupima upya. Tofauti ndogo iliyobaki aliiondoa kwenye fimbo, wala hakuzigusa tena skrubu. Mchanganyiko ulirekebishwa baada ya hayo yote, kwa dakika kumi tu.

Tangu siku hiyo gari linaondoka kwenye foleni kwa utulivu niliokuwa nimeusahau, linapanda mlima wa Pugu kwa gia ya tatu bila kulalamika, na plagi zote nne zina rangi moja. Nimepima hewa mara mbili ndani ya miezi minane na vipimo havijahama.

Kasoro zipo. Nyuzi ni za vipimo vya inchi ilhali Datsun ni ya milimita, na nati moja iliponidondoka niliizungukia Kariakoo siku nzima bila mafanikio, kwa hiyo agiza za akiba mapema. Gololi si za chuma cha pua kama fimbo, na kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni zilianza kushika kutu mwezi wa pili. Sasa nazipaka grisi kila mwisho wa mwezi. Tena seti haina springi ya kurudisha. Nilinunua mbili Gerezani na kuzifunga moja kwa moja kwenye mkono wa kila kabureta, badala ya kwenye fimbo, ili hata kikombe kikichomoka nikiwa barabarani, kila kipepeo kijifunge chenyewe.