Siku nne Eswatini na kigari kidogo cha kukodi, uzoefu wangu

Mdogo wangu wa kike anasoma Pretoria, mwaka 2024 nikaenda kumtembelea mwezi wa nane. Sisi huku tuko Nane Nane, wao kesho yake tarehe 9 wana sikukuu yao ya wanawake, na mwaka huo iliangukia Ijumaa kwa hiyo wikiendi ikawa ndefu. Yeye alitaka Durban. Bahari mimi ninayo nyumbani, tena ya moto, nikamwambia twende ile nchi ndogo inayoonekana kwenye ramani kama imemegwa pembeni, Eswatini, ile tuliyofundishwa shule kama Swaziland kabla mfalme hajabadilisha jina mwaka 2018. Akaniuliza huko kuna nini. Nikakosa jibu, ndiyo maana naandika sasa hivi kwa ajili ya mwenzangu atakayekosa jibu kama mimi.

Kwanza ujue ni kadogo kweli, kilometa za mraba elfu 17 na kitu, yaani kama mkoa wa Mtwara hivi, na watu milioni moja na ushee. Uzuri wake ni kwamba hutumii siku nzima barabarani, ukitoka kituo kimoja kwenda kingine ni nusu saa, saa moja, mbali sana saa moja na nusu, na lami nzuri.

Tulikodi gari Joburg, kigari kidogo cha kawaida tu. Hapa nisikilize vizuri. Gari la kukodi Afrika Kusini hulivushi mpaka bila barua ya ruhusa kutoka kampuni, na barua hiyo unailipia. Sisi tukailipia, tukapewa, tukaiweka kwenye dashibodi kwa furaha, tukaondoka alfajiri, tukapita Ermelo na malori ya makaa ya mawe mbele yetu yasiyoisha, kama saa nne za kuendesha, tunafika boda ya Oshoek askari anaangalia barua anaangalia gari, anaangalia tena barua. Namba ya gari iliyoandikwa siyo ya gari tulilokuja nalo! Walitubadilishia gari asubuhi wakasahau kubadilisha karatasi. Simu ya dharura ya kampuni inaita haipokelewi, ni sikukuu, ikaja kupokelewa baadaye sana na barua mpya ikatumwa kwa imeili, jumla saa mbili na nusu tumekaa pale kwenye baridi tunakula karanga. Kampuni siitaji, ila wewe ukipewa barua isome herufi kwa herufi ukiwa bado kaunta.

Upande wa pili mambo yalikuwa mepesi, paspoti ya Tanzania ikagongwa muhuri, hakuna aliyenidai viza, gari likalipiwa hela ya barabara basi. Kilichotuchekesha ni binti wa dirishani kumwita mzee mmoja mlinzi "babe". Mdogo wangu akanigeuzia macho. Akapita mama mwingine naye akamwita "babe". Kumbe kwa siSwati hiyo ni baba tu, na mama ni "make", na ndivyo unavyotakiwa umwite mtu mzima yeyote hata usiyemjua, kama kwetu. Salamu ni "sawubona" unajibiwa "yebo", na ukianza na salamu unasaidiwa haraka kuliko ukianza na swali. Tangu hapo safari nzima mdogo wangu ananiita babe mbele za watu kwa makusudi.

Ukivuka tu mpaka, dakika chache kuna kiwanda cha vioo cha Ngwenya. Ngwenya ni mamba, wanasema mlima wa pale ukiuangalia kwa mbali ni mamba amelala, mimi niliuangalia sana nikaona mlima. Kwenye huo huo mlima watu walikuwa wanachimba udongo mwekundu zaidi ya miaka elfu 40 iliyopita, sisi tulishachelewa hatukupanda. Lakini kiwandani usipite bila kusimama. Wanatumia chupa zilizotupwa, na kuangalia hulipi, unapanda juu kwenye roshani unawaona mafundi chini, joto linakupiga usoni, jamaa anachovya bomba refu kwenye tanuru anatoa donge linawaka kama kaa, analizungusha, analivuta hapa na pale na koleo, unapepesa macho limeshakuwa faru. Nilikaa pale kama saa nzima, mdogo wangu ameshamaliza duka lote ananisubiri kwenye gari. Nilinunua kifaru kimoja kidogo, kimefika Dar kizima nikiwa nimekifunga kwenye soksi.

Sasa Mlilwane. Hii ndiyo sababu ya mimi kusema nenda.

Sisi tuliokulia Bongo mbuga tunaijua kupitia dirishani. Kiingilio kwa mwananchi wala siyo tatizo, ni elfu kumi na kitu, kinachokumaliza ni gari, Land Cruiser ya siku moja na dereva na mafuta mpaka mjitafute watu sita mchangie, na mkiingia hamna kushuka. Mlilwane ni hifadhi ndogo kwenye bonde la Ezulwini, haina simba wala tembo, na kwa sababu hiyo unatembea kwa miguu. Peke yako, bila askari mwenye bunduki. Kigari chetu kimeingia mpaka kambini, tukakiegesha na hatukukiwasha mpaka kesho yake mchana.

Nilikodi baiskeli asubuhi ile baridi bado inauma, majani yote makavu yana rangi ya ugoro, nakunja kona hivi nakuta pundamilia kama wanane wamesimama katikati ya njia. Nikashuka. Wao wananiangalia, mimi nawaangalia, unasikia wanavyotafuna, unasikia hata harufu yao kama ya punda wa kawaida tu, hicho kitu Mikumi nimeenda mara tatu sijawahi kukipata. Mmoja akapiga kwato chini nikarudi nyuma hatua mbili, sina aibu kusema. Baadaye nyumbu, swala pala wengi mno, na swala mmoja wanaomwita blesbok ana paji jeupe usoni kama kapakwa chokaa, huyo kwetu hayupo. Bwawani kuna viboko na mamba na vibao vya kuonya viko wazi, hapo usijifanye mjanja, kiboko ni kiboko nchi yoyote.

Tulilala kwenye vibanda vyao vya nyasi, vya duara kuanzia juu hadi chini, mtu wa Bukoba akiviona atasema huu ni mushonge wetu nani kauleta huku. Mlango mfupi unaingia umepiga magoti, nimegonga kichwa mara nne kwa siku mbili. Ndani kuna kitanda safi na blanketi zito, na nyasi zile zinashika joto kuliko nilivyotegemea, maana usiku mwezi wa nane huko ni baridi ya Njombe, usije na tisheti tu kama mimi. Jioni wanawasha moto mkubwa wa magogo katikati ya kambi, mnakaa, halafu wanakuja ngiri. Ngiri wa porini kabisa na meno yake, wanajilaza pembeni ya moto kama mbwa wa nyumbani, mmoja alilala karibu kabisa na mguu wa mdogo wangu na yeye akaganda robo saa anaogopa kuvuta mguu.

Mgahawa wanauza mchuzi wa nyama ya swala. Mdogo wangu alikataa, anasema hawezi kumla mtu wanayeangaliana. Mimi nilikula, na kwa kweli ni tamu, kavu kidogo, inataka ndimu na pilipili na vyote hawana. Kuna kilele hapo juu kinaitwa Nyonyane, hadithi yao ni kwamba zamani wahalifu walikuwa wanasukumwa kutoka pale, tulipanda nusu tukaishiwa pumzi tukarudi tukasema tumeona.

Mchana wa Jumamosi tukaenda Sibebe, karibu na Mbabane mjini. Ni jiwe. Najua nikisema jiwe mtu wa Mwanza anacheka, ila hili ni mlima mzima jiwe moja la matale limeteremka kama paa la bati, wenyeji wanakwambia ni la pili duniani baada ya lile la Uluru la Australia. Tulichukua kijana wa kutuongoza pale chini, na msilipande bila mtu kwa sababu kuna sehemu ni mteremko mkali kweli, unatembea umeinama mikono inagusa mwamba. Vaeni raba zenye meno. Katikati ya safari kijana akasimama ghafla akanyoosha mkono akasema "inyoka". Hatukuhitaji kutafsiriwa! Nilivyoruka nadhani hata nyoka mwenyewe alishangaa, maana aliingia kwenye ufa fasta. Ndiyo tukaanza mchezo na yule kijana mpaka juu, nyama kwao "inyama", maji "emanti", mtu "umuntfu", kufa "kufa", wewe "wena". Nilikuwa nasoma habari za lugha za Kibantu shuleni kama kitu cha mtihani, pale juu ya jiwe ndiyo nikaelewa walikuwa wanaongelea nini.

Jumapili asubuhi Mantenga, kuna kijiji cha utamaduni na maporomoko. Maporomoko kiangazi yamepungua, ya kawaida. Ngoma yao ya sibhaca lakini, wanavyorusha mguu juu mpaka usawa wa kichwa na kuushusha chini kwa kishindo, nilienda nikidhani ni maonyesho ya watalii ya kupoteza muda nikatoka nimetokwa jasho na mimi. Kama unaweza kuchagua tarehe basi nenda mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa tisa, ndiyo inakuwa Umhlanga, wasichana kwa maelfu wanapeleka matete kwa mama yake mfalme. Sisi tuliwahi mno, mdogo wangu hajanisamehe.

Kutoka hapo tukaenda mashariki mpaka hifadhi ya Hlane, unapita Manzini halafu unashuka chini kwenye joto, miwa, miwa, miwa kama uko Kilombero. Hapa nitasema ukweli watu wasinichukie. Kama umetoka Tanzania kwa ajili ya simba usiende Hlane kwa ajili ya simba. Wapo, ila wako kwenye sehemu yao iliyozungushiwa uzio na unapelekwa na gari la hifadhi, nikaona kama naangalia Serengeti kwenye simu. Tulilipa, tukawaona wawili wamelala, tukarudi.

Lakini faru! Kambi ya Ndlovu (ndovu kabisa, tembo wao ni "indlovu", na mama wa mfalme cheo chake ni Ndlovukati, mfalme mwenyewe ni Ngwenyama, simba) imejengwa mbele ya bwawa, kati yako na maji ni nyaya chache tu. Tumekaa na chai, wakaja faru watatu, mmoja mtoto, wakanywa maji, wakakaa hapo mpaka giza linaingia. Mwongozaji akatuambia sheria yao kwa mtu anayeua faru ni kifungo kisichopungua miaka 5 na hakuna cha kulipa faini ukatoka. Kambi yenyewe haina umeme, wanakuletea chemli. Mdogo wangu mtoto wa mjini akaniuliza inazimwaje, nikajisikia mzee. Chaji simu yako kabla, na dawa ya mbu beba, huku chini kuna malaria wakati kule juu Mbabane mbu anakufa kwa baridi.

Chakula cha mitaani hakitakupa shida, ugali upo, nyama choma ipo, maziwa mgando yapo wanaita "emasi", na kile kinywaji cha "emahewu" ni togwa, togwa kabisa, nilikunywa nikamkumbuka bibi. Kahawa mbaya kote isipokuwa sehemu moja Malkerns kwenye duka la mishumaa. Mishumaa yenyewe ya rangi wanakufinyangia tembo au kobe huku unaangalia, mizuri, ila mchana wa Dar kwenye mkoba itayeyuka, nawaonya.

Kwa watu wawili, gari na barua yake, mafuta, malazi usiku tatu, viingilio na kula, ilitutoka randi elfu 10 kasoro kidogo, kama milioni moja na laki nne ya Kibongo. Siyo bei chee. Ila ningepewa hela ile ile ningekata siku ya Hlane na kuongeza moja Mlilwane, yaani Mlilwane naipa tisa kwa kumi, Hlane sita na zote sita ni za faru na chemli.

La mwisho ni hela. Randi inapokelewa kila mahali Eswatini, moja kwa moja, lakini chenji unarudishiwa ya kwao, lilangeni, na ukishavuka kurudi Afrika Kusini ile hela ni karatasi. Sisi tulijisahau, tumejaza mafuta Ermelo natoa noti zina picha ya mfalme, kijana wa sheli akazigeuza, akacheka, akanirudishia, ikabidi nitoe kadi. Emalangeni 320 ziko kwa mdogo wangu kwenye droo Pretoria, anasema ni nauli ya Umhlanga.