Mizani ya ndoano na paka wangu wawili: uzoefu wa miezi minne

Mizani yenyewe ni ile ndogo ya mkononi, ya kidijitali, yenye ndoano chini na mshipi juu, inayouzwa kwa wasafiri wapimie mabegi. Niliinunua hapa Lamu, duka moja la Langoni, kwa shilingi 700. Inabeba hadi kilo 50 na inasoma gramu kumikumi. Begi la kupima sina. Nina paka.

Wawili hao ni Kaimati, kama kile kitafunwa cha mviringo, na Ng'onda, kama samaki aliyekaushwa, na majina yao yanatosha kukueleza maumbo yao. Kaimati ni dume aliyehasiwa, mviringo kila upande. Ng'onda ni jike la mtaani lililojileta lenyewe, miguu mirefu, kichwa kidogo, kiuno cha nyigu.

Yote yalianza pale daktari wa mifugo alipomshika Kaimati mbavuni. Alitafuta mfupa kama mtu anayetafuta sarafu iliyopotelea ndani ya godoro. Akaniambia apunguzwe, kwani unene kwa paka huleta kisukari na maumivu ya viungo. Mimi nikawaza mara moja: si nimfungishe siku mbili tatu tu? Akanikemea. Paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia ini na kulijaza, na hilo humuua. Apungue polepole, kama asilimia moja ya uzito wake kwa wiki.

Hapo ndipo mizani ilipokuja. Kaimati alikuwa na kilo 5.9, kwa hiyo asilimia moja ni gramu 59. Jaribu kuziona gramu 59 kwenye mizani ya saa ya muuza samaki: mshale hata hautikisiki. Ile ya kusimama juu yake umembeba paka nayo huruka gramu mia mia, na wewe mwenyewe umekunywa chai. Hii ya ndoano inaziona.

Namna ninavyofanya: natia kikapu cha ukindu kwenye ndoano, nabonyeza kitufe irudi sifuri, kisha namtia paka ndani na kumfunika kwa leso. Wiki ya kwanza nilishika mizani kwa mkono na namba zikawa zinacheza kama dau lililofungwa gatini. Sasa naitundika kwa kamba kwenye boriti, nangoja kikapu kitulie, ndipo namba inaganda. Ni kila Ijumaa asubuhi kabla hajala, maana akishakula na kunywa anaweza kuongeza gramu mia bila kunenepa hata chembe. Jirani yangu alipotuona mara ya kwanza alisimama mlangoni, buibui mkononi. "Mwanangu, wapimwao kila mwezi si watoto? Paka tangu lini?"

Kasoro zake sasa. Maelezo yaliyokuja nayo ni ya Kichina, na kidogo ya Kiingereza kilichochoka. Ndoano imeanza kutu mwezi wa pili, kwa hewa yetu hii ya chumvi. Naipaka mafuta ya nazi. Na kitufe cha vipimo kiko pabaya. Ijumaa moja nilisoma 12.6 nikapiga kelele nyumba nzima ikatoka, kumbe kidole kimegusa na mizani inasoma kwa ratili.

Lakini jambo ambalo mizani haikuniambia, na nilidhani itaniambia, ni kama paka ana afya. Husemwa paka mzima wa kawaida wa nyumbani huwa na kilo 3.5 hadi 5 hivi. Ng'onda ana 2.9. Mgeni akimwona husema anakufa njaa, na kweli wako wanaokufa njaa hapa mjini. Ila yeye ni mdogo wa mifupa. Daktari alinifundisha kipimo cha mkono: kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo. Mbavu za paka zikiwa hivyo, amekonda mno. Kunjua kiganja, papasa mgongo wa mkono: mbavu zikiwa hivyo, zipo chini ya ngozi laini na unazihesabu bila kubonyeza, huyo yuko sawa. Zikiwa kama upande wa kiganja, chini ya vidole, inabidi utafute. Ng'onda ni mgongo wa mkono. Kaimati alikuwa kiganja, na ukimtazama kutoka juu hana kiuno. Ule mfuko wa ngozi unaoning'inia tumboni usikutishe peke yake. Hata Ng'onda anao.

Kwa hiyo mkono ndio unaosema paka yuko wapi, na mizani husema anaelekea wapi. Mwezi wa tatu Ng'onda alishuka hadi 2.7. Gramu 200, utasema nini hizo? Ni karibu asilimia saba yake, kama mtu wa kilo 70 kupoteza karibu kilo tano. Kwa macho nisingeona kitu. Ilikuwa minyoo, alipewa dawa, amerudi 2.9.

Kwa Kaimati nilipunguza chakula kikavu, maana dume aliyehasiwa huhitaji kidogo kuliko asiyehasiwa, na nikakata makombo ya wali wa nazi. Wiki nne akashuka vizuri. Ya tano akapanda gramu 80. Nililaumu duka, nikailaumu mizani, kisha nikamfuata paka mwenyewe asubuhi moja. Akitoka kwangu huenda moja kwa moja barazani kwa mzee wa nyumba ya pili, anakula vichwa vya samaki, analala, anarudi kwangu akilia njaa. Nilikwenda kumsihi. "Ami, daktari amemkataza." Akanitazama, akamtazama paka. "Basi nitampa kimoja." Sasa yuko 5.2.

Ukiwa na paka mmoja mwembamba mwenye nguvu zake, labda huihitaji, mkono unatosha. Ukiwa na anayepunguzwa, au mzee, inunue, na angalia kwanza isome gramu kumi na si hamsini. Yangu kwa sasa iko kwa jirani, yule wa buibui, ameiazima kuhakiki kilo za muuza samaki. Kesho ni Ijumaa na bado hajairudisha.