Muuguzi akikosea: Baraza au mahakama?

Mgonjwa Tabora amechomwa sindano ya dawa isiyo yake, akadhurika. Ndugu wana njia mbili, na wengi huzichanganya.

Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010, huangalia mwenendo wa muuguzi. Linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari la wauguzi. Unaandika lalamiko, wakili si lazima. Ila usitegemee hela.

Fidia iko mahakamani, na huko ndiko kugumu. Lazima uthibitishe kwamba muuguzi alikuwa na wajibu kwako, kwamba aliukiuka, na kwamba madhara yametokana na uzembe huo, si ugonjwa wenyewe. Hapo ndipo kesi nyingi hukwama, hasa faili la mgonjwa likiwa nusu tupu. Kwa kawaida mwajiri naye hushtakiwa, maana hubeba makosa ya mtumishi aliyekuwa kazini. Hospitali ikiwa ya serikali, toa kwanza notisi ya siku 90 kwamba unakusudia kushtaki. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3.

Mimi ningeanza na Baraza, huku nikiomba nakala ya faili mapema. Njia moja haifungi nyingine.