Newmar Dutch Star la mtumba: sebule ya kifahari juu ya chasi ya lori

Anayepanda Dutch Star, gari-nyumba la Newmar, kwa mara ya kwanza hutazama sebule, na muuzaji analijua hilo. Ndiyo maana taa zote huwa zimewashwa na vyumba vya pembeni, vile vinavyochomoza ubavuni kupanua gari, vimeshasukumwa nje kabla mteja hajafika. Tusipoteze muda huko. Makabati ni ya mbao ngumu, friji ni kubwa kama ya nyumbani, mara nyingi mashine ya kufulia ipo, na kitanda ni kitanda cha watu wazima. Newmar, kiwanda cha Nappanee, Indiana, kilichoanza mwaka 1968 na kununuliwa na Winnebago mwaka 2019, hakina upungufu wa maseremala. Kitakachoamua kama umenunua gari au umejitwika mzigo kiko chini ya sakafu na juu ya paa.

Tathmini hii inahusu magari ya 2013 hadi 2018, yale ya futi 37 hadi 43. Jipya la leo linapita dola 500,000. La umri wa miaka kumi, likiwa zima, hupatikana kwa chini ya nusu ya hapo, na ndipo watu wengi wenye kipato cha kawaida wanapoanza kupiga hesabu. Hesabu yenyewe lazima iwe na mistari miwili: bei ya kulinunua, na dola 8,000 hadi 12,000 za kutenga kila mwaka kwa matunzo, bima na sehemu ya kuliegesha. Asiye na mstari wa pili asianze na wa kwanza.

Chasi ni ya Freightliner au Spartan. Injini ni Cummins ya lita 8.9, imewekwa nyuma, na giaboksi ni Allison yenye gia sita. Wasomaji wetu wanaoendesha malori huko Marekani hawatakuta kigeni hapa: breki za upepo, mifuko ya upepo badala ya springi, tairi za inchi 22.5. Kwa sababu injini iko nyuma kabisa, kelele haifiki kwa dereva. Usukani wa Comfort Drive, unaosaidiwa na mota ya umeme, hulishika gari kwenye upepo wa ubavuni hadi dereva asisikie mabega yakimuuma jioni. Hicho ndicho kitu ambacho tusingekubali kukikosa. Dizeli inaliwa: kilomita 3 hadi 3.5 kwa lita, pungufu ya hapo ukiwa unavuta gari dogo nyuma milimani.

Adui wa gari hili ni kusimama. Injini ya namna hii kwenye basi la jiji hufanya kazi kila siku. Kwenye gari-nyumba hulala miezi saba au minane kwa mwaka. Si ajabu kukuta gari la miaka kumi lenye maili 40,000, na muuzaji akaitangaza namba hiyo kama sifa. Kwa oili, mpira, betri na mihuri ya paa inayozuia maji, hiyo si sifa hata kidogo. Oili ibadilishwe kila mwaka hata kama gari limetembea maili 2,000 tu, maana unyevu na asidi hujikusanya ndani ya karteri, sehemu ya chini ya injini inayoshika oili. Injini hii inameza zaidi ya lita 20 za oili, kwa hiyo si kazi ya beseni la uani. Filta za dizeli zibadilishwe pamoja nayo, na ile inayotenganisha maji imwagwe kila kabla ya safari ndefu. Giaboksi inataka oili ya sintetiki iliyoidhinishwa na Allison. Ukiona risiti ya oili ya bei rahisi isiyo na idhini hiyo, uliza maswali.

Tairi ndizo zinazodanganya kuliko kitu kingine chochote. Kashata huwa nzima, pande zinang'aa kwa dawa ya kupaka, kumbe mpira umeshakufa. Tafuta maandishi ya DOT (Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) na usome tarakimu nne za mwisho: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mara nyingi namba kamili huwa upande wa ndani wa tairi, kwa hiyo lala chini na tochi, usikubali kuambiwa. Zikifika miaka saba zibadilishe, hasa za mbele, hata kama zinaonekana mpya. Tairi ya mbele ikipasuka kwenye maili 65 kwa saa dereva anapigana na usukani. Ya nyuma ikipasuka hung'oa bodi, nyaya na mabomba yaliyo juu yake, na bili ya ukarabati hupita bei ya seti nzima. Gari la ekseli mbili lina tairi sita, la ekseli tatu lina nane. Weka dola 600 hadi 900 kwa kila moja.

Upepo wa tairi haukadiriwi kwa macho, wala haujazwi hadi namba ya juu iliyoandikwa ubavuni. Jaza dizeli na maji, pakia vyombo na watu wote, kisha pitia mzani wa CAT Scale kwenye vituo vya malori. Chukua uzito wa kila ekseli, fungua jedwali la mtengenezaji wa tairi, soma psi (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) inayolingana na uzito huo, ongeza 5 za tahadhari. Mzani wa kila gurudumu ni bora zaidi, kwa sababu upande wenye jiko, friji na chumba kikubwa cha pembeni mara nyingi huwa mzito kuliko mwenzake. Pima tairi zikiwa baridi, asubuhi, kabla jua halijapiga upande mmoja.

Breki za upepo zina kipimo chake, na kinachukua dakika kumi. Weka vigingi kwenye magurudumu. Ungurumisha injini hadi kompresa ya upepo ikate yenyewe, kwa kawaida kati ya psi 120 na 130. Zima injini, washa swichi bila kuwasha injini, achia breki ya kuegesha, tazama geji kwa dakika moja: isishuke zaidi ya psi 2. Kanyaga pedali hadi mwisho na uishikilie dakika nyingine: isishuke zaidi ya 3. Kisha kanyaga na kuachia mara nyingi. Kengele ilie kabla ya kushuka chini ya 60, na kitufe cha breki ya kuegesha kiruke chenyewe kati ya 45 na 20. Kisiporuka, hakuna mazungumzo ya bei siku hiyo. Kikausha-upepo kibadilishwe kichujio kila miaka miwili au mitatu. Kikichoka, maji na ukungu wa oili hupenya hadi kwenye valvu, na kwenye baridi ya kaskazini maji hayo huganda.

Kuna jambo dogo linalopikisha injini nyingi za nyuma. Rejeta ikiwa nyuma kabisa, feni huvuta vumbi la barabarani, na ukungu wa oili kutoka kwenye bomba la kupumulia la injini hulinatisha vumbi hilo kwenye mapezi. Ukisimama nyuma ya gari rejeta inaonekana safi. Uchafu uko upande wa ndani, unaotazama injini. Dalili ni joto kupanda mlimani wakati tambarare hakuna shida. Nyunyiza sabuni ya kuondoa mafuta kutoka upande wa injini, subiri dakika 20, suuza kwa mpira wa bustani. Mashine ya presha hukunja mapezi na kazi inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Chasi zenye rejeta ya ubavuni hupata tabu hii kwa nadra, na kama una nafasi ya kuchagua, chagua hizo.

Halafu kuna DEF, maji yenye urea asilimia 32.5 yanayosafisha moshi. Hayapendi joto wala kukaa muda mrefu, na huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Gari likisimama Arizona kiangazi kizima na tangi limejaa, urea huchakaa na sensa ndani ya tangi huanza kusoma uongo. Kompyuta ikishaamini kwamba DEF ni mbovu hupunguza nguvu hatua kwa hatua, mpaka gari linatambaa maili 5 kwa saa. Mwaka 2021 na 2022 sensa hizo ziliadimika, na wenye magari walikaa wiki nyingi wakisubiri spea. Acha tangi likiwa na DEF kidogo unapoliegesha kwa muda, nunua madumu yenye tarehe ya karibuni, na usimwage hata tone kwenye tangi la dizeli.

Upande wa nyumba, umeme ndio unaotaka akili. Plagi ya ampea 50 ina pini nne: laini mbili za moto za volti 120 kila moja, nyutro na athi. Kila laini inabeba ampea 50, jumla wati 12,000. Plagi ya ampea 30 inatoa wati 3,600 tu, kwa hiyo ukiunganishia adapta washa kiyoyozi kimoja kati ya vitatu na usiguse maikrowevu. Hatari kubwa ni nyutro iliyokatika kwenye nguzo ya kambi. Hapo laini mbili zinakuwa kama zimeungwa mfululizo kwenye volti 240, upande wenye mzigo mdogo hupandishiwa volti, na televisheni, chaja na kadi ya friji huungua kwa pamoja. Zima swichi ya nguzo, chomeka kwanza kifaa cha ulinzi, kile kinachokata umeme chenyewe volti zikishuka chini ya 104 au kupita 132, ndipo uchomeke gari. Kifaa kizuri cha ampea 50 ni dola 300 hadi 400. Hatuelewi mtu anayenunua gari la dola 200,000 kisha akakionea uchungu.

Betri za nyumba ni za volti 6, zimefungwa mbili mbili kutoa volti 12. Volti 12.7 zimejaa, 12.1 zimefika nusu, na chini ya hapo unazila betri zenyewe. Angalia maji kila mwezi, ongeza maji yaliyokenekwa (distilled) pekee, na uyaongeze baada ya kuchaji, si kabla. Wengi siku hizi wanahamia lithiamu. Ni uamuzi mzuri, ila lithiamu huvuta ampea nyingi mno kutoka kwenye oltaneta hadi ikapikika, hivyo weka chaja ya kati inayodhibiti mkondo. Pia haifai kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri.

Jenereta ya dizeli iwashwe kila mwezi, saa mbili, ikiwa na mzigo wa karibu nusu ya uwezo wake. Kuiwasha dakika kumi bila mzigo ni kuijaza masizi. Ikizimika tangi likiwa robo usihangaike kuifungua: bomba lake linachota juu ya kiwango hicho ili usikwame porini bila dizeli ya kuondokea.

Paa lipandwe kila miezi mitatu. Fuata mihuri kuzunguka viyoyozi, antena na matundu ya hewa, na palipopasuka ongeza dawa ya aina ile ile iliyopo. Silikoni ya dukani haishiki juu yake na inayofuata haishiki juu ya silikoni. Maji yakiingia ukutani, ngozi ya nje hufura kama chapati, na hapo hakuna fundi wa bei nafuu. Fagia majani juu ya vyumba vya pembeni kabla ya kuvirudisha, na usivisukume betri zikiwa dhaifu, kwani chumba kinaweza kukwama kikiwa kimeingia upande mmoja.

Maji: weka kidhibiti cha psi 50 kwenye bomba la kambi. Kusafisha matangi, mililita 60 za dawa ya klorini kwa kila lita 57 za maji, zungusha hadi kila mfereji unuke, acha usiku kucha, suuza. Tangi la choo lisiachwe valvu wazi; maji hutoka, kinyesi hubaki na kuwa mlima mgumu chini ya choo. Subiri lijae theluthi mbili, limwage kwanza, kisha fungua maji ya sinki na bafu yasafishe bomba.

Leseni: Texas inadai daraja B lisilo la biashara kwa gari linalozidi uzito wa pauni 26,000, na California hivyo hivyo kwa linalozidi futi 40. Na kwa wanaoota kulipakia melini hadi Mombasa: usukani uko kushoto, Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane, na vyombo vingi vya ndani ni vya volti 120. Liache lilipo.

Siku ya kukagua, beba tochi, geji ya tairi, mita ya kupimia volti na kipima unyevu cha kuta. Mlipe mkaguzi mwenye cheti, dola 1,000 au zaidi, na apeleke maabara sampuli za oili ya injini, giaboksi na jenereta. Mwambie muuzaji mapema asiwashe injini, kwa sababu unataka kuona inavyoamka na baridi na moshi wake ni wa rangi gani. Ukifika ukaikuta tayari ina moto, ahirisha hadi kesho yake asubuhi.